Shangazi, Liemba na Jumba la Ohio: safari ya sinema kutoka Louisville hadi Columbus

Haya nimeyaandika baada ya kurudi Louisville, kutoka kwenye kidaftari changu, stakabadhi zilizojaa mkobani na picha za simu. Nilisafiri na shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Unguja majira haya ya joto. Shangazi amepita miaka sabini, na ujana wake ulipita ndani ya sinema, hasa Majestic pale Vuga. Alipofika Kentucky hakuulizia maduka. Aliuliza watu wa huku wanakwenda sinema gani wanapovaa vizuri. Nilimpeleka kwenye ukumbi mmoja wa kisasa ndani ya duka kubwa, akakaa, akatazama, na tulipotoka akasema, "Mwanangu, hapa ni mahali pa kuangalia picha. Mimi nataka sinema."

Ndipo nilipomwambia habari za Ohio Theatre, Columbus. Jumba lilifunguliwa Machi 1928, na tangu miaka ya mwanzo ya 1970 kila majira ya joto huonyeshwa humo filamu za zamani kwa bei ya chini. Wiki hiyo kulikuwa na filamu bubu ikisindikizwa na kinanda, na baada yake *The African Queen*. Jina hilo la pili ndilo lililonifanya nikate tiketi usiku uleule, kwa sababu nitakazozieleza.

Alhamisi: Louisville, Cincinnati, Columbus

Safari yote ni kama kilomita 340 kwa barabara ya I-71. Kwa gari lako unafika mchana. Sisi tulipanda basi, dola 46 kwa mtu kwenda tu, na tiketi ilisema tunaondoka saa 4 asubuhi. Tukaondoka saa 6 kasoro. Hakuna aliyetueleza sababu. Shangazi alikaa juu ya begi lake, kafunga mtandio, anawatazama watu wanavyopita, wala hakulalamika.

Hadi Cincinnati ni vilima na miti, kisha tangi la maji la Florence lenye mistari myekundu na myeupe, kisha daraja la mto Ohio na mji ukajitokeza ng'ambo. Basi la kuunganisha lilikuwa limekwisha kuondoka. Tukaambiwa tungoje lingine la jioni.

Kituoni palikuwa na mashine ya soda na viti vya chuma tu. Nilikuwa nikimnong'oneza shangazi kwamba nitatoka nitafute chakula, kijana aliyekaa nyuma yetu akageuka. "Mama, munasema Kiswahili? Munatoka wapi?" Alikuwa mtu wa Uvira, anafanya kazi ghalani Columbus, naye amekwama kama sisi. Alitoka mwenyewe akarudi na chai mbili, mikate ya nyama ya kuku na ndizi. Nikatoa pesa, akaikataa kwa mikono miwili. Shangazi akamuuliza habari za mama yake, yuko hai, yuko wapi, mara ya mwisho wamezungumza lini, na mpaka basi linafika alikuwa amekwisha kuwa mwanetu.

Kati ya Cincinnati na Columbus ni mahindi na soya, tambarare, kwa saa mbili. Tulifika saa 4 usiku. Kaka yake yule kijana alikuja kumchukua na gari, wakatupakia na sisi, wakatupeleka hadi mlango wa hoteli. Walipoona hoteli iko mbali na katikati ya mji wakatuandikia kwenye karatasi namba ya basi la asubuhi. Mungu awazidishie.

Kwa atakayekuja kwa basi: usiweke kamwe siku ya kusafiri na siku ya filamu kuwa moja. Beba chakula, maji na sweta. Chumba chetu kilikuwa dola 112 kwa usiku pamoja na kodi, vitanda viwili. Hoteli za jirani na jumba zilikuwa karibu mara mbili ya hapo.

Ijumaa: ndani ya jumba

Basi la mji ni dola 2. Tulishuka mbele ya Statehouse, jengo la bunge la jimbo, ambalo kuingia ni bure. Tukapumzika humo dakika chache kukimbia jua, kisha tukavuka barabara, maana Ohio Theatre inalitazama bunge uso kwa uso, upande wa East State Street. Mchana ukiipita bila kuinua kichwa unaweza usijue ni nini. Uso wake wa nje hauonyeshi kilichomo.

Filamu zinaanza saa 1:30 usiku, na Jumapili kuna ya saa 8 mchana. Tiketi haikufika dola 10, na viti havina namba: anayewahi anachagua. Tulikwenda mapema, na hilo ndilo ushauri wangu mkubwa kwa mtu yeyote. Nenda saa nzima kabla. Usilipie filamu tu, lipia na kukaa mle ndani.

Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la hariri la rangi ya zambarau na viatu vya kuingilia harusini. Nilikuwa nimemwambia kwamba watu wa huku huja na kaptura. Akanijibu kwamba hakuvaa kwa ajili yao. Mlangoni alisimama mzee mmoja wa kujitolea, maana wanaowaongoza watu kwenye viti wengi wao ni wa kujitolea, akamtazama shangazi, akavua miwani, akamwambia kwamba zamani wote walikuja hivyo. Kisha akampa mkono, akatuingiza yeye mwenyewe.

Sina budi kukaa kidogo hapa. Ukipita ukumbi wa kuingilia unaingia katika nyekundu na dhahabu. Kila mahali ambapo mjenzi wa leo angeacha ukuta mtupu, pana ua, uso wa mtoto, jani, ganda la kombe, taji. Nilisogeza macho karibu na nguzo moja nikaona rangi ya dhahabu haikupakwa kwa mpigo mmoja: kwenye mabonde ya nakshi imeachwa iwe nyeusi kidogo, kwenye migongo imeng'arishwa, ili taa inapowaka ukuta uonekane una kina. Katikati ya dari inaning'inia thuraya yenye kimo cha futi 21 na uzito wa tani mbili na nusu. Viti ni karibu 2,800. Aliyelichora jumba ni Thomas Lamb, na mapambo ya kumbi za kupumzikia aliyasimamia Anne Dornan, mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea usanifu wa majengo Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Shangazi alikaa, akaegemea, akatazama juu. Muda mrefu hakusema kitu.

Yule mzee alirudi kutusimulia. Mwaka 1969 jumba lilifungwa, na mpango ulikuwa livunjwe ili pajengwe mnara wa ofisi. Alikuwa kijana wakati huo. Watu wa mji wakaunda chama, CAPA, wakachangishana, mama yake akiwemo, wakalinunua na kulitengeneza upya, na mwaka 1977 likatangazwa kuwa mahali pa kihistoria pa taifa zima. Leo ndilo jumba rasmi la maonyesho la jimbo la Ohio. Alisema fedha hazikuwa kazi ngumu kuliko zote. Kazi ngumu ilikuwa kulijaza watu baada ya kulinunua, na filamu hizi za majira ya joto zilianzishwa kwa sababu hiyo, ili mtu ambaye hawezi kulipia muziki wa simfoni awe na sababu ya kuingia. Maneno hayo niliyaandika palepale, maana ndiyo yanayonikaa moyoni kila nikifikiria sinema zetu. Jengo linalotazamwa kwa nje tu halidumu.

Taa zikapungua. Sauti ilianza kabla ya kuona chochote: mlio mzito wa chini, nikauhisi kwenye mbao za kiti kabla ya masikio. Kisha mbele ya jukwaa, kutoka shimoni, kinanda kikapanda polepole na mpigaji wake amekalia, ameupa ukumbi mgongo, miguu yake inakimbia juu ya vibao vya chini huku mikono ikiruka safu hadi safu. Ni kinanda cha kampuni ya Robert Morton kilichowekwa tangu jumba linafunguliwa. Mabomba yake yamefichwa nyuma ya kuta, kwa hiyo filimbi inatoka kulia, ngoma inatoka juu, na hujui utazame wapi. Watu wakapiga makofi. Shangazi akapiga kigelegele. Safu ya mbele yetu wakageuka wote, wakacheka kwa furaha, na mama mmoja akamwomba apige tena.

Filamu ilikuwa ya Buster Keaton, ya mwaka 1926, ile ya kukimbizana na treni. Haina neno moja la kusema, na shangazi hakuhitaji tafsiri yangu. Mpiga kinanda alipiga tangu mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, macho kwenye pazia. Gurudumu likizunguka analizungusha, mtu akianguka anaanguka naye. Karibu na mimi alikuwepo mtoto wa miaka kama sita ambaye nusu ya filamu aliiona kasimama. Nimewahi kuiona filamu hiyohiyo kwenye simu yangu na sikucheka. Hapa tulicheka watu mia kadhaa kwa pamoja, na kicheko cha wengine kilikuwa kinakuvuta kabla hujajua unachekea nini.

Ndani baridi ya viyoyozi ni kali. Khanga ya shangazi ilitufunika wote wawili. Njoo na yako.

Jumamosi: wali wa Kisomali, kisha Ulanga

Columbus ina Wasomali wengi sana, huenda kuna mji mmoja tu Marekani unaoizidi, na mtu wa pwani hawezi kulala njaa. Tulichukua gari la kuagiza kwa simu hadi upande wa kaskazini wa mji, dola 19. Sahani moja ya wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni, dola 17, tulikula wawili tukafungasha. Msichana aliyetuhudumia alikulia Mombasa. Aliposikia tunazungumza akasema, "Shikamoo bibi, mumetoka Zanzibar?" na kuanzia hapo birika la chai ya iliki halikukauka mezani, na kwenye hesabu halikuandikwa.

Juu ya chai ile shangazi alinisimulia Majestic. Jumba lilijengwa miaka ya 1950, baada ya lililokuwepo hapo kuungua. Jumapili ilikuwa siku ya kuvaa: wanawake na vikuba vya asumini, wanaume na mashati yaliyopigwa pasi hadi kola inasimama, na familia za Kihindi zikiwa na magari. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ambayo mama yake aliruhusiwa kwenda, na ndani mabuibui yanavuliwa, watoto wanalala mapajani, na Raj Kapoor akilia wote wanalia. Mkanda mmoja ulionyeshwa kwenye sinema mbili usiku mmoja, kijana wa baiskeli akikimbiza sehemu ya kwanza huku na ya pili kule. Akichelewa, ukumbi mzima ni miluzi. "Tukitoka," alisema, "njia nzima tunaimba zile nyimbo na Kihindi hatukijui."

Majestic ya leo paa limeharibika, na wapo Wazanzibari ambao kwa miaka wamekuwa wakipigania lifufuliwe. Shangazi hakupenda kulizungumza hilo sana. Alisema tu kwamba kila akipita Vuga huvuka upande wa pili wa njia.

Jioni tulirudi mjini. Safari hii ukumbi ulijaa zaidi. Yule mzee alitutafuta, akatupeleka kuona sehemu ambayo tangu zamani inaitwa Africa Corner, pembe aliyoipamba Anne Dornan. Alituambia kwamba vitu vyake vya mwanzo, kama wanavyosimulia hapo, Dornan alivitoa katika safari yake mwenyewe ya Afrika. Tulisimama. Ndivyo tulivyofikiriwa mwaka 1928 na watu waliokuja hapa na nguo zao za jioni: pembe ya kupumzikia kabla ya filamu. Sikukasirika, na wala sikufurahi. Nilimwambia mzee kwamba ningependa pawekwe maelezo ya vitu hivyo vilitoka kwa nani. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema atalifikisha.

Sasa filamu. *The African Queen* ilitoka mwaka 1951, na hadithi yake inaanza mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani kwetu. Mmisionari wa Kiingereza, Katharine Hepburn, na nahodha wa mashua mbovu, Humphrey Bogart, wanateremka mto hadi ziwani ili waizamishe meli ya vita ya Wajerumani. Karibu nusu yake ilipigwa Kongo na Uganda. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia, na mto wenyewe katika filamu unaitwa Ulanga. Ulanga wa kweli uko Morogoro, unaingia Rufiji, na Rufiji inaingia Bahari ya Hindi. Haujawahi kufika ziwani. Nilimnong'oneza shangazi, akanipiga kofi la paja ninyamaze.

Rangi zake kwenye pazia lile kubwa ni kitu kingine kabisa: kijani cha maji, vumbi la kijiji, jasho. Bogart alipotoka mtoni na ruba mgongoni, ukumbi mzima ulishtuka kwa sauti moja. Hepburn alipomwaga chupa za pombe mtoni, moja baada ya nyingine, wanaume nyuma yetu waliguna kwa uchungu na wanawake wakapiga makofi.

Lakini mwanzoni kijiji kinachomwa. Askari wanaingia, nyumba za nyasi zinawaka, watu wanakimbia, na filamu inaondoka na Wazungu wawili mtoni. Haikurudi tena. Tulipotoka, watu bado wanapiga makofi, shangazi aliniuliza, "Na wale waliochomewa nyumba walikwenda wapi?" Nilimwambia ninachokijua. Vita ile iliwabebesha mizigo watu wetu, Waingereza na Wajerumani wote, na mapagazi walikufa maelfu kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Naipenda filamu ile, nitaitazama tena, na swali la shangazi litakuwa linakaa na mimi kitini.

Tulipokuwa kwenye ukumbi wa kutokea, mume na mke wazee walituuliza tumetoka wapi. Nikawaambia, kisha nikawaonyesha picha kwenye simu: mimi kijana, nimeegemea kizuizi cha meli, ziwa nyuma. Meli ya Wajerumani katika hadithi ile ilitokana na habari za Graf von Götzen, ambayo ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma, na ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nilipoanza kufundisha niliipanda kutoka Kigoma hadi Kasanga, nimelala juu ya magunia ya dagaa, na mitumbwi ikija usiku kupakia watu katikati ya maji.

Yule bwana aliita wengine. Simu yangu ikapita mkono hadi mkono, watu kama kumi na tano wamenizunguka chini ya taa, wengine bado na bisi mikononi, wanataka kujua inakwenda kasi gani, nauli ni kiasi gani, bado ni ya mvuke? Niliwaambia injini za mvuke zilishatolewa zikawekwa za dizeli, lakini bodi ni ileile. Bibi mmoja akasema ameiona filamu ile tangu msichana na hakuwahi kujua kwamba meli ilikuwa ya kweli. Mzee wetu wa mlangoni alibaki hadi wa mwisho, akatutafutia gari, na hakuondoka mpaka shangazi alipofunga mkanda.

Jumapili: kurudi

Basi la saa 5 asubuhi liliondoka kwa wakati wake. Mahindi, Cincinnati, vilima. Shangazi alilala hadi tangi la Florence.

Hesabu ya wote wawili, bila zawadi: nauli za mabasi makubwa dola 184, hoteli 336, tiketi za filamu jioni zote mbili hazikufika 40, chakula na usafiri wa mjini kama 110. Mkiwa na gari lenu, na mkifikia kwa ndugu, mnapunguza zaidi ya nusu. Kwa wazee na wenye matatizo ya miguu, zungumzeni na waongozaji mlangoni mapema, watawatafutia viti vya karibu. Ratiba hutangazwa kabla ya majira ya joto, na ukiona siku ya filamu bubu, chagua hiyo kwanza, kwa ajili ya kinanda.

Tulipokuwa tunaingia Louisville nilimwonyesha shangazi kwa dirishani upande iliko Fourth Street, nikamwambia na sisi tunalo letu, Palace, lilifunguliwa mwaka huohuo wa 1928 na Loew's, kampuni ileile iliyofungua Ohio Theatre. Lilifanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya 1990, na siku nyingi sasa ni la wanamuziki, ila filamu za zamani huonekana humo mara mojamoja. Akanitazama. "Na umenipeleka mpaka Ohio?" Nikamwambia Ohio ndiko zilikokuwa zinaonyeshwa wiki hii. Akaniagiza nipige simu Palace Jumatatu asubuhi niwaulize lini, na gauni la zambarau lipelekwe kwa dobi.